Kefa Ndahani na Nguzo Nne za Jumba la Karanga

Mchungaji, wazee wa Ihumwa, wafiwa wenzangu, na ninyi mliotoka mjini kwa treni ya asubuhi: mimi ni Lydia, mdogo wake marehemu. Wifi yangu Yudith ameniomba nisome kwa upole, na nisitoboe yasiyopaswa kutobolewa. Nitajaribu. Na wewe Silvano, mtani wetu wa Iringa, uliyejilaza humo kaburini tangu jua lichomoze ukidai kuku, toka usikilize. Kuku utapewa.

Marehemu Kefa alizaliwa hapa Ihumwa mwaka 1913, mtoto wa kwanza wa mzee Ndahani na mama yetu Emilia. Siku yenyewe haijulikani. Mama alisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kuwinga ndege kwenye uwele, na kwamba alimwacha shambani shangazi yetu, ambaye aliwaacha ndege wale nusu ya shamba. Alibatizwa Buigiri tarehe 24 Desemba 1922, akapewa jina la Kefa, maana yake jiwe. Jamani, jiwe gani lile? Mtoto hakutulia hata kidogo. Neno lake lilikuwa moja tu: “Humo ndani kuna nini?” Aliuliza hivyo mbele ya kibuyu, mbele ya mfuko wa mwalimu, mbele ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa. Siku moja aliuliza mbele ya mzinga wa nyuki, na kabla hajajibiwa akatia mkono. Alirudi nyumbani uso umevimba hata mbwa wetu akambwekea.

Sasa nasema jambo ambalo wana Ihumwa mnalijua, ila vijana hamlijui, na bila hilo hamtamwelewa kaka yangu. Tembe letu lilikuwa kama matembe yote: nyumba ndefu ya udongo, na juu ya paa udongo tena, na uzito wote ule umebebwa na nguzo za katikati. Januari mwaka 1927 baba aligundua kwamba nguzo moja imeliwa na mchwa. Akakata nyingine, akaiegemeza ukutani, akamwambia Kefa, “Kabla mvua haijaja, isimamishe hii pamoja na baba yako mdogo.” Kefa akaitika. Lakini adhuhuri ile treni ya mizigo iliharibika hapa hapa relini, na mafundi wakaifungua injini. Injini imefunguliwa, mnasikia? Mtoto yule angebakije nyumbani? Akakimbia kwenda kuona ndani kuna nini. Mvua ikanyesha, paa likanywa maji, likashuka. Mama alikufa, na mdogo wetu Yona alikufa mgongoni mwake. Mimi nilipona kwa sababu kilindo, lile pipa la magome la kuwekea mtama, kiliniangukia kikanifunika. Walinitoa nikiwa na mtama mpaka masikioni.

Hakuna aliyemlaumu. Baba hakumlaumu hata siku moja, wala hakumpiga, na mimi naona heri angempiga tu. Kefa alikaa muda mrefu bila kuuliza swali lolote.

Alirudi shule ya misheni Buigiri, akafika darasa la nne mwaka 1930, kisha akajifunza useremala kwa fundi wa misheni. Nadhani mnaona kwa nini alichagua mbao. Alifanya kazi relini, akitengeneza nyumba za vibarua kati ya Ihumwa na Kikombo. Mvua ikianza tu alikuwa akiamka na kutembea nyumba hadi nyumba akigonga nguzo kwa kidole na kutega sikio kama kuna mchwa. Wenye nyumba walimzoea. Wengine walimpa uji.

Tarehe 3 Agosti 1935 alifunga ndoa na Yudith binti Chilewa katika kanisa la Buigiri. Kabla ya hapo, alipokwenda kujitambulisha ukweni, alivuka kizingiti, na badala ya kuwaamkia wazee akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya katikati akaigonga mara tatu. Mzee Chilewa, Mungu amrehemu, akanong'ona, “Huyu anakuja kuoa au kununua nyumba?” Kefa akajibu, “Shikamoo, baba. Hii nzima. Ile ya kule uibadilishe.” Walitaka kumfukuza. Mama mkwe ndiye aliyesema, “Mwacheni. Anayejali nguzo atamjali binti yetu.” Walijaliwa watoto wawili, Ruthu na Marko.

Mwaka 1947 Wazungu wa karanga walipofika Kongwa, Kefa alikwenda huko kuwa seremala. Huko ndiko alikokutana na Silvano, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita “Mgogo mwenye nguzo kichwani.” Na huko ndiko alikoliona lile ghala. Najua habari hii kwa sababu aliporudi likizo hakuzungumza kitu kingine. Ghala kubwa la vyuma vilivyopindwa na mabati, refu kuliko kanisa, na katikati hakuna nguzo hata moja.

“Linasimamaje?” nilimuuliza.

“Ndiyo hilo, Lydia. Linasimamaje? Nimemuuliza Mzungu, akachora mstari uliopinda mchangani, akaondoka.”

“Basi si aliona jibu hilo linatosha?”

“Mstari si nguzo,” alisema.

Karanga zilishindikana, kama mjuavyo. Mali za Kongwa zikauzwa, na mfanyabiashara Bwana Ramniklal wa mjini Dodoma akalinunua lile ghala. Alitaka mji wetu uwe na jumba la michezo na muziki, watu waache kwenda Dar es Salaam kutafuta furaha. Mwaka 1952 vyuma vililetwa mjini, na Kefa akakabidhiwa kazi ya kulisimamisha upya karibu na stesheni. Silvano akawa msaidizi wake. Bwana Ramniklal akasafiri kwenda Mombasa kununua viti.

Aliporudi, jumba lilikuwa limesimama, zuri, linang'aa. Na katikati kulikuwa na nguzo nne za mninga, nene, zimechimbiwa chini na kufika mpaka kwenye vyuma vya paa.

“Kefa, hizi ni nini?”

“Nguzo, Bwana.”

“Kule Kongwa zilikuwapo?”

“Hapana, Bwana. Kule Kongwa ndani hakukuwa na watu. Kulikuwa na karanga.”

“Hata karanga hazikuwamo,” Silvano akadakia.

Bwana Ramniklal, ambaye leo yupo pale nyuma na ambaye tunamshukuru kwa sanda na kwa mengi, alipandwa na hasira. Mwanawe Jayant alikuwa amejiandaa kucheza mpira wa vinyoya katikati ya ukumbi. Watu wangecheza dansi wapi? Bendi ingeonekanaje? Akasema nguzo zikatwe kesho yake. Lakini kesho yake alipofika alikuta Silvano amezungushia kamba kwenye zile nguzo nne na kuanika shati na suruali yake. Bwana Ramniklal akasimama akiitazama ile suruali muda mrefu, sisi hatujui kwa nini. Kisha akasema taratibu, “Huu si ni ulingo?”

Ndivyo Dodoma ilivyopata ulingo wa masumbwi wenye nguzo imara kuliko yote katika Jimbo la Kati. Walikuja mabondia wa reli wa Tabora, wakaja wa Morogoro, wakapigana kati ya nguzo za kaka yangu watu wakipiga kelele hata ng'ombe wa mnadani wakashtuka. Kukawa na senema, harusi za Wahindi, maulidi, ibada ya Krismasi, na wanawake wa Mvumi wakapiga ngoma ya muheme mpaka mabati yakaitikia. Watu wakaliita Jumba la Karanga, na Kefa akawa mlinzi na fundi wake. Siku ya dansi alifunika nguzo kwa vitambaa vyekundu, na waliokunywa wakawa wanazikumbatia. Kila asubuhi Silvano aliingia akazisalimia kama anavyosalimia wazee: “Mbukwenyi, babu zangu!”

Lakini kuna jambo lililonisumbua, na nina hakika liliwasumbua wengi. Kaka yangu hakuwahi kukaa chini ndani ya jumba lile. Kukiwa na watu alisimama mlangoni, uso umeelekea paa, si jukwaa. Na sisi wa nyumbani mwake alitukataza kabisa kuingia. Watu wa mji mzima waliingia, sisi hapana. Yudith alikuwa akikaa nje, ameegemea bati, akisikiliza. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

“Baba Ruthu, hivi mimi ni mke wa mwenye funguo, au ni mbuzi wa jirani anayejikuna ukutani?”

“Ukitaka muziki nitakununulia santuri.”

“Nguzo zako umeziweka mwenyewe. Huziamini?”

“Naziamini,” Kefa alisema. “Lakini hata ile niliiamini.”

Mimi nilijua anasema nguzo ipi, ile ya tembe letu, na kusema kweli, mimi mwenyewe sikutamani kuingia. Wanaouliza kwa nini Lydia hapendi kukaa ndani ya nyumba mvua ikinyesha, leo wamejibiwa.

Ilipofika mwaka 1957, Ruthu, aliyekuwa amemaliza mafunzo ya ualimu, alichaguliwa kuongoza kwaya katika mashindano makubwa ya kwaya za jimbo. Mashindano yangefanyika Jumba la Karanga, Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Kefa alifurahi mpaka alipoelewa ni wapi.

“Imbeni nje, uwanjani,” alisema. “Sauti itafika mbali zaidi.”

“Baba, watoto wa watu wataingia, mimi niimbe peke yangu juani?”

“Watoto wa watu wana baba zao.”

Ruthu si mwoga, mnamjua. Akamwambia, “Basi, baba, mimi nitaingia. Usipotaka kunitazama, tazama paa lako.” Akahamia kwangu. Hawakusemeshana. Kefa alipita mbele ya nyumba yangu kila siku akijifanya anakwenda dukani, na hakununua kitu. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, nikamwonea huruma tena.

Kumbe lilikuwapo la pili. Kwaya zilikuwa nyingi, na Bwana Ramniklal akaamua kwamba safari hii nguzo lazima ziondoke. Ukumbi wote ungejaa waimbaji na watu. Kefa akasema ataacha kazi. Bwana Ramniklal, kwa upole kabisa, akamwambia, “Kefa, acha ukitaka. Lakini nitamwita fundi mwingine azikate. Unataka azikate nani?” Kaka akazunguka jumba zima kwa miguu, akarudi, akasema, “Nitazikata mimi.”

Siku ile ya kukata nilimpelekea chakula. Nilisimama mlangoni, kama kawaida yetu. Alikuwa ameweka ngazi kwenye nguzo ya kwanza, Silvano akishikilia chini. Mpango wake ulikuwa kupachika magogo ya kuegemeza paa kwanza, ndipo akate. Akapanda. Alipofika juu akanyoosha mkono kupapasa mahali nguzo inapogusa chuma, na mkono ukapita.

Ndiyo, ulipita. Kati ya nguzo na paa kulikuwa na upenyo wa kupitisha kiganja.

Akashuka, akahamisha ngazi, akapanda nguzo ya pili. Mkono ukapita. Ya tatu, ya nne, vilevile. Mabondia wamevuta zile kamba miaka mitano, nguzo zimedidimia udongoni, na paa limebaki pale pale lilipokuwa, limejishikilia lenyewe.

“Mgogo!” Silvano aliita. “Unapapasa nini huko? Umeiona mbingu?”

Kefa alishuka polepole, ngazi kwa ngazi, akakaa sakafuni. Alikaa! Nilishtuka kuliko kama angeanguka. Akasema, “Silvano, hazijashika kitu.”

“Tangu lini?”

“Sijui. Huenda tangu mwaka wa kwanza.”

Silvano akaachia ngazi. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema kutokea mlangoni kwa sauti kubwa, kwa sababu nikiogopa huwa napiga kelele: “Kaka! Yaani miaka yote hiyo umesimama hapa mlangoni, umetunyima muziki, umegombana na mwanao, kumbe unalinda hewa?”

Akaniangalia. Nikadhani nimemuumiza. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akalala chali sakafuni, machozi yakimtoka, na kicheko kile katikati yake kiligeuka, na sote tukajua si kicheko tena. Silvano akageuka akatazama ukuta. Watani hawana adabu, lakini siku ile alikuwa nayo.

Alipotulia akaniita. “Lydia. Ingia.”

“Siwezi.”

“Ingia, mdogo wangu. Njoo uone.”

Niliingia nikiwa nimefunika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na umri wa mama mtu mzima, nikitembea kama mtoto aliyetoka kuiba. Nikakaa karibu naye. Akanyoosha kidole juu, kule vyuma vinakopindana, akaniuliza lile swali la Kongwa, ila safari hii sauti ilikuwa ya yule mtoto wa mzinga wa nyuki: “Sasa, linasimamaje?” Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Tukakaa hapo tukilitazama. Kisha nikamwambia neno ambalo nilikuwa nimelibeba tangu utoto na sikuwahi kupata mahali pa kulitua. Nilimwambia mvua ile ilikuwa kubwa mno, kwamba na nguzo nyingine zilivunjika, nzima zile, nilizisikia mimi mwenyewe nikiwa chini ya kilindo, na hakuna hata moja iliyokuwa imeliwa na mchwa. Nilimwambia, “Ungekuwapo tungekuzika na wewe.” Alichukua chakula akala chote, na nusu yangu.

Nguzo zilikatwa siku ile ile. Jumamosi tarehe 12 Oktoba Kefa alikuja nyumbani kwangu amevaa koti, akamwambia Ruthu, “Mwalimu, nimekuja kukusindikiza.” Basi. Hawakuombana radhi, kwetu hatuna mambo hayo. Ruthu alimpa tu mfuko wake wa vitabu abebe. Ndani ya jumba Kefa alimkalisha Yudith kiti cha mbele, na yeye akakaa kando yake, mbele ya watu wote. Mwanzoni alishika kiti kwa mikono miwili. Kwaya ya Ruthu ilipoanza kuimba, na sauti zile zikapanda mpaka kwenye mabati, kaka yangu akasinzia, kisha akalala fofofo, akakoroma. Yudith alitaka kumfinya. Ruthu akiwa pale mbele, mkono mmoja ukiongoza kwaya, kwa mkono wa pili alimwashiria mama yake: mwache. Walipata nafasi ya tatu, na jaji mmoja alisema kulikuwa na sauti nzito ya chini isiyo kwenye noti. Mnacheka, lakini ni kweli.

Kikohozi chake kilianza kuzidi mwishoni mwa mwaka 1958. Mwezi Juni mwaka huu alilazwa hospitali ya serikali mjini Dodoma. Alipopigwa picha ya kifua alimsumbua daktari mpaka akaonyeshwa. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaziona mbavu zake, akasema, “Lo! Kumbe huku ndani kuna nguzo kiasi hiki!” Daktari akamweleza kwamba ugonjwa uko kwenye mapafu na umekwenda mbali. Akauliza maswali mengi, hakuna hata moja la kulalamika. Silvano alimtembelea kila wiki, akimwambia afanye haraka kufa kwani kuku wanazeeka.

Jioni ya Alhamisi tarehe 3 Septemba 1959 nilikuwa naye mimi na Yudith. Siku ile kulikuwa na muziki Jumba la Karanga, na upepo ulikuwa ukileta ngoma kidogo kidogo mpaka wodini. Akafumbua macho.

“Nani yuko mlangoni?”

“Hakuna mtu, kaka,” nilimwambia. “Watu wote wamo ndani.”

“Wamekaa?”

“Wamekaa.”

“Vema,” akasema. Alituacha kabla muziki haujaisha, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Marehemu ameacha mjane, Yudith. Watoto wawili, Mwalimu Ruthu na Marko. Mjukuu mmoja, mtoto wa Marko, aliyetia mkono kwenye mzinga wiki iliyopita. Mimi mdogo wake Lydia. Na mtani mmoja asiye na haya, anayelia sasa ndani ya kaburi akidhani hatumwoni.

Silvano, toka, baba. Mpishe alale. Mungu ampe usingizi kama ule alioupata kwenye kiti cha mbele, katikati ya watu, mwanawe akiimba. Na safari hii hakuna atakayemfinya.